Kisiwa na Hesabu ya Watoto Wake

Mnamo Septemba 1841 meli ya Kifaransa iliyokuwa ikielekea Kalkuta ilitia nanga katika bandari ya Port Louis, kisiwani Morisi, baada ya kupigwa na tufani njiani. Miongoni mwa abiria alikuwamo kijana wa miaka 20, aliyeandikishwa kusoma sheria mjini Paris lakini moyo wake ukiwa katika mashairi na starehe. Baba yake wa kambo alimpakia melini akitaraji kuwa bahari itamtia adabu. Kijana huyo ni Charles Baudelaire. Alikaa Morisi kiasi cha majuma matatu, akavuka hadi kisiwa jirani cha Bourbon, ambacho siku hizi huitwa Réunion, akakataa kata kata kuendelea na safari, akarejea kwao. Safari hiyo ilimwachia shairi alilomtungia mke wa mwenyeji wake wa Morisi. Lilipochapishwa mwaka 1845, ndilo lililokuwa shairi lake la mwanzo kutoka kwa jina lake mwenyewe.

Wapenzi wa ushairi wa Kifaransa hukumbuka ziara hiyo kwa ajili ya shairi. Lakini kisiwa alichokiona mwanafunzi yule kilikuwa katikati ya mageuzi makubwa kuliko ya mtunzi yeyote. Utumwa ulikuwa umekomeshwa miaka sita tu kabla, mwaka 1835, na meli za kutoka Bara Hindi zilikuwa tayari zinashusha vibarua wa mkataba wa kuja kukata miwa. Morisi haikuwa na wenyeji wa asili. Kila mkaazi wake ametokana na mtu aliyefika kwa chombo, ama kwa hiari yake ama kwa minyororo. Kwa hiyo tangu mwanzo hesabu ya watu wake ilifanywa na wale waliohitaji mikono ya kazi.

Sisi wa pwani hii tumo katika hesabu hiyo. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa ili apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka. Watu wa kwetu wakapelekwa kwenye visiwa vya Wafaransa, na damu yao ingali ikitembea katika mitaa ya Port Louis. Utumwa ulipokwisha, wenye mashamba waligeukia Bara Hindi. Baina ya mwaka 1834 na 1920 karibu nusu milioni ya vibarua walipitia katika bandari ile. Gati waliyopandia nchi kavu, Aapravasi Ghat, iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2006.

Katika karne nzima hiyo hakuna aliyelalamika kwamba watu ni wengi mno. Watu walikuwa wakipungua kabla ya kuongezeka. Malaria iliyozuka katika miaka ya 1860 iliua makumi ya maelfu, na wenye uwezo wakaukimbia mji wa pwani wakahamia nyanda za juu, Curepipe. Mama alizaa wengi kwa kuwa alijua kwamba atazika baadhi yao.

Mmoja wa watoto wa mashambani waliosalimika ni Seewoosagur Ramgoolam, aliyezaliwa Belle Rive mwaka 1900, katika ukoo wa wahamiaji wa Kihindi. Alisoma Royal College ya Curepipe, na mwaka 1921 akapanda meli kwenda London kusomea udaktari. Wakati ule kisiwa hakikuwa na chuo kikuu. Mtoto wa Morisi aliyetaka elimu ya juu hakuwa na budi kuvuka bahari, na aliyevuka alikuwa mmoja kati ya maelfu. Baudelaire alikaa kisiwani majuma matatu. Ramgoolam alikaa mbali na kisiwa miaka 14. Alirejea mwaka 1935, daktari kamili, akaingia katika siasa.

Kuna ukweli mmoja ambao udaktari wake ulimwezesha kuuona mapema: kifo kilikuwa kinaanza kurudi nyuma. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kulifanywa kampeni kubwa ya kupiga dawa ya DDT majumbani, na malaria ikavunjwa nguvu. Watoto waliokuwa wakifa sasa waliishi, na mama waliendelea kuzaa kama walivyozaa bibi zao. Sensa ya mwaka 1944 ilihesabu watu 419,185. Ya mwaka 1962 ilihesabu 681,619, katika kisiwa chenye kilomita za mraba 1,865. Kila mama alikuwa akizaa, kwa wastani, karibu watoto sita. Uchumi wote ulitegemea sukari, na mwanzoni mwa mwaka 1960 vimbunga viwili, Alix na Carol, vilikuja kwa kufuatana, vikavunja nyumba na kulaza miwa.

Ndipo wataalamu walipoitwa kutoka Uingereza. Richard Titmuss na Brian Abel-Smith waliandika ripoti juu ya sera za jamii na ongezeko la watu. James Meade, aliyekuja kutunukiwa Nobeli ya uchumi mwaka 1977, aliandika juu ya uchumi. Zote mbili zilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1960, na sauti yao ilikuwa moja: wakiendelea kuzaana kwa kasi ile, watu wangekaribia milioni tatu mwishoni mwa karne, na kisiwa kisingewamudu. Meade hakuona matumaini ya maisha ya amani. Kisiwa kilichokuwa kikililia mikono sasa kiliambiwa kina midomo mingi.

Yaliyofuata yanastahili kusomwa kwa makini, kwa sababu utabiri ule haukutimia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wastani wa uzazi ulikuwa umeshuka hadi watoto watatu na kitu. Uzazi ulipungua takriban nusu katika muda wa miaka 10 hivi, na ni nchi chache duniani zilizowahi kwenda kasi kiasi hicho. Tena haikutumika nguvu. Hakuna sheria iliyomkataza mtu kuzaa, wala mama aliyetozwa faini kwa mtoto wa nne.

Sababu zilikuwa nyingi, na zilishikana mikono. Chama cha uzazi wa majira kiliundwa mwaka 1957. Wakatoliki walipopinga dawa na vifaa, wakaanzisha mwaka 1963 chama chao wenyewe, kilichofundisha njia zinazokubaliwa na kanisa lao, na serikali ikavisaidia vyote viwili badala ya kuvigombanisha. Watoto waliozaliwa waliishi, hivyo wazazi hawakuhitaji tena kuzaa akiba. Na juu ya hayo kulikuwa na skuli. Wasichana waliokaa darasani waliolewa wamechelewa kuliko mama zao, na mzee aliyekwisha kuona mtoto wa jirani akipata kazi ya ukarani alianza kupiga hesabu: je, nitawasomesha wangapi?

Hapo ndipo mwanzo wa chuo kikuu unapoingia katika habari hii. Chuo Kikuu cha Morisi kilianzishwa kwa sheria mwaka 1965, miaka mitatu kabla ya uhuru, pale Réduit, penye chuo cha kilimo kilichokuwapo tangu mwaka 1925. Kilianza na vitivo vitatu: kilimo, utawala na ufundi wa viwanda. Ni orodha fupi, na wenye kupenda fasihi wataona mara moja kwamba haina ushairi. Lakini kwa mara ya kwanza kijana aliweza kwenda chuoni asubuhi na kulala kwao usiku. Safari iliyomchukua Ramgoolam miaka 14 ikawa safari ya basi.

Mlango huo ulipofunguka kidogo, waliokuwa nje wakausukuma. Tarehe 20 Mei 1975 wanafunzi wa sekondari waliandamana kuelekea Port Louis, wakilalamikia tofauti baina ya skuli za serikali na za watu binafsi, na mitaala iliyobakishwa na ukoloni. Polisi waliwazuia kwenye daraja la Grand River North West. Wenye kuandamana walikuwa kizazi kile kile ambacho ripoti za miaka ya 1960 zilikihesabu kuwa ni balaa. Mwaka huo huo umri wa kupiga kura ukashushwa kutoka miaka 21 hadi 18. Na Januari 1977 serikali ya Ramgoolam, aliyekuwa Waziri Mkuu tangu uhuru wa mwaka 1968, ilianzisha elimu ya sekondari bila ya ada. Wakati huo huo viwanda vya nguo, vilivyovutwa na sheria ya mwaka 1970 ya viwanda vya kuuza nje, vikiajiri wanawake kwa maelfu. Msichana akawa na daftari, kisha akawa na mshahara, na katika miaka ya 1980 wastani wa uzazi ukafikia watoto wawili.

Wahenga wamesema, maji yakimwagika hayazoleki. Uzazi haukusimama kwenye wawili. Uliendelea kushuka hadi ukakaribia mmoja na nusu, kisha ukapita chini ya hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kisiwa kilizaa watoto zaidi ya 25,000 kwa mwaka. Katika miaka ya 2020 hawafiki hata 15,000, ilhali idadi ya watu ni karibu mara mbili. Milioni tatu waliotabiriwa hawakuonekana: nchi nzima ina watu kama milioni moja na robo tu, na vifo vimeanza kuzifikia na kuzipita kuzaliwa. Elimu, kwa upande wake, imezidi kufunguka. Tangu mwaka 2005 wanafunzi na wazee hupanda basi bure, na tangu mwaka 2019 ada ya shahada ya kwanza katika vyuo vya umma imeondolewa. Viti vipo, basi lipo, na wa kukaa wanapungua.

Historia ina kejeli zake. Juni 2025 Waziri Mkuu wa Morisi alisoma bajeti iliyosogeza kidogo kidogo umri wa kupata pensheni ya uzee kutoka miaka 60 hadi 65, kwa kuwa wazee wanaongezeka na wa kuwalipia wanapungua. Watu walinung'unika, wengine wakatoka mabarabarani. Aliyeisoma ni Navin Ramgoolam, mwana wa yule daktari. Baba alitawala kisiwa kilichoogopa wingi wa watoto, na mtoto anatawala kisiwa kinachoogopa uchache wao. Na katika viwanda, mikono iliyopungua inajazwa na wafanyakazi wa mkataba kutoka Bangladesh, India na Madagaska. Bandari imekuwa uwanja wa ndege, lakini mkataba ni mkataba.

Wapo watakaosema kwamba elimu ya wasichana ndiyo iliyokiponza kisiwa. Hiyo ni hesabu mbovu. Bila ya elimu ile Morisi ingebaki shamba la miwa lenye njaa, na mabinti wa wakata miwa wasingekuwa mahakimu, madaktari na walimu. Kilichosahauliwa ni jambo jingine. Mama wa mwaka 1965 alipunguza uzazi kwa sababu alipata yakini: mtoto wake ataishi, na atasoma. Binti yake na mjukuu wake wanasita kuzaa kwa sababu yakini zao ni haba: nyumba ni ghali, saa za kazi ni ndefu, bibi wa kulea naye yumo kazini, na vijana wengi waliosoma wanaangalia ng'ambo kama alivyoangalia mwanafunzi wa mwaka 1921, wengine bila ya nia ya kurejea.

Katika karne mbili na nusu, watu wa kisiwa hiki wamehesabiwa na wenye mashamba, na wakoloni, na wataalamu, na sasa na mawaziri wa fedha. Kila mmoja aliona ama mikono ama midomo. Mara moja tu hesabu iligeuka kwa hiari ya wenyewe, na iligeuka pale mama alipopewa sababu ya kuiamini kesho ya mtoto wake. Visiwa vya jirani ambavyo bado vimejaa watoto vina muda wa kulitafakari hilo wakati viti vya madarasani bado havitoshi.