Kulipigia Ramli Jaruba

Mpunga hutaka tope, ngano hutaka pumzi. Mkulima wa mpunga hujaza maji jaruba, akalivuruga mpaka udongo ulegee kama uji, na chini yake kikajengeka kitako kigumu kinachozuia maji yasitoroke. Miezi michache baadaye jaruba hilohilo linatakiwa limpokee mgeni anayechukia kila alichokipenda mwenzake: ngano inataka udongo wenye vijitundu, maji yanayopita, mizizi inayoshuka bila kugonga ukuta. Ni wake wenza waliopangiwa nyumba moja kwa zamu, na kila anayeingia huanza kwa kubomoa alichojenga mwenziwe.

Nyumba yenyewe si ndogo. Kutoka Pakistan, kupitia kaskazini mwa India na Nepal, hadi Bangladesh, zamu hii ya mpunga na ngano inashika takriban hekta milioni 13.5. Kilimo hifadhi kimekuja kama msuluhishi: usivuruge tope, panda bila kulima, yaache majani ya mavuno yaliyopita juu ya ardhi yawe matandazo. Kusema ni rahisi. Lakini udongo huchukua miaka kuonyesha shukrani, na mkulima mwenye deni la mbolea hana miaka kumi ya kujaribu. Anahitaji mtu wa kumwambia mapema. Wanasayansi wanaiita kazi hiyo kutengeneza modeli. Mimi naiita ramli, na simaanishi dharau. Nataka tu kuwaketisha wapiga ramli watatu kwenye mkeka mmoja, tuone kila mmoja anasomaje jaruba lilelile.

Wa kwanza ni Ghagh, mtunzi wa mdomo wa nyanda za Mto Ganga. Masimulizi humweka zama za mfalme Akbar, ingawa misemo inayobeba jina lake huenda ilitoka vinywa vingi. Beti zake fupi zinafunga kazi za shamba na nakshatra, yaani manzili 27 ambazo jua huzipitia kwa mwaka. Jua likiingia Ardra, karibu na tarehe 22 Juni, ndio wakati wa mpunga. Mvua za Hathiya, mwishoni mwa Septemba kuelekea Oktoba, ni za kungojwa kwa macho mawili, kwa sababu zinajaza masuke ya mpunga na papo hapo zinaiachia ngano unyevu wa kuotea. Mvua moja, mazao mawili, ndani ya ubeti anaoweza kuukariri mtoto.

Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa sana. Miongo yetu, yale makundi ya siku kumikumi yanayohesabiwa tangu Siku ya Mwaka, ilimfanyia mkulima na nahodha kazi ileile. Ugonjwa wake pia ni uleule. Mwaka wa miongo una siku 365 kamili na hauna mwaka mrefu, kwa hiyo kila miaka 4 unateleza siku moja dhidi ya majira: katikati ya karne ya 19 Siku ya Mwaka ilikuwa ikiangukia Agosti, leo watu wa Makunduchi, Unguja, wanaikoga Julai. Nakshatra nazo huteleza, ila kwa siku moja tu kila miaka 70 hivi. Kwa hilo, Ghagh katuzidi.

Kilichomtoa Ghagh shambani hakikuwa nyota bali pampu. Kule Punjab ya India, umeme wa kumwagilia ulipofanywa bure mwaka 1997, hakukuwa tena na sababu ya kungoja mvua. Mpunga ukapandikizwa jua likiwa kali kabla ya masika yao, maji yakipaa hewani, visima vikizidi kuzama. Mwaka 2009 jimbo likapitisha sheria ya kuhifadhi maji ya chini ya ardhi: ikawa marufuku kupandikiza kabla ya tarehe 10 Juni. Mwaka 2018 tarehe ikasogezwa hadi 20 Juni, siku mbili tu kabla ya Ardra. Ghagh hakuwa mtu wa Punjab, na waliotunga sheria hawakumwendea kwa ushauri. Wao walihesabu uvukizi, yeye alihesabu nyota, wakatokea mlango mmoja.

Wa pili angekataa kuketi mkekani. Masanobu Fukuoka alisomea magonjwa ya mimea, akafanya kazi ya ukaguzi wa mimea forodhani Yokohama, kisha akaacha kazi na kurudi kwao kisiwani Shikoku, Japani. Katika kitabu chake cha mwaka 1975 alieleza alivyorusha mbegu za nafaka ya baridi ndani ya mpunga uliosimama bado, na mbegu za mpunga, zilizofinyangiwa ndani ya vidonge vya udongo, ndani ya nafaka hiyo kabla haijavunwa. Hakulima wala hakuvuruga tope. Majani yote aliyarudisha shambani yakiwa marefu, hayakukatwa, yametupwa shaghalabaghala ili mche upate pa kupenya. Kwake, kulikata shamba vipandevipande ili ulipime ndiko kulikozaa matatizo yanayopimwa.

Nampenda Fukuoka, lakini simwamini kila mahali. Shikoku hunyesha, matandazo yake yalioza kwa wakati. Shamba lake nalo lilikuwa modeli, ila iliendeshwa mara moja tu, kwenye udongo mmoja, chini ya wingu moja. Mtu wa Punjab, ambako majira ya ngano ni makavu, akimwuliza majani yataoza lini, kitabu hakina jibu.

Wa tatu anaishi kwa maswali kama hayo. APSIM ni programu ya kompyuta iliyoanza mwaka 1991 huko Queensland, Australia, kwa ajili ya mashamba ya nchi kavu. Kila siku inauliza mambo manne: mwanga wa jua, joto la juu, joto la chini, mvua. Udongo wake umepangwa matabaka kama chapati. Tabaka moja likijaa maji, yanayozidi yanashukia la chini. Majani yale ambayo Fukuoka aliyatupa ovyo, humo yamekuwa kilo kwa hekta. Kilo zinageuzwa kuwa sehemu ya ardhi iliyofunikwa, na kifuniko kinapungua kadiri majani yanavyooza, kwa kufuata joto, unyevu na uwiano wa kaboni na naitrojeni. Mkulima aliyeacha majani na aliyeyachoma wanaweza kupewa miaka 40 ya mvua ileile, mchana mmoja, bila yeyote kulala njaa.

Lakini kila mpiga ramli hubeba vumbi la kwao. Programu iliyozaliwa pakavu haikuwa na mahali pa kuweka maji yaliyosimama juu ya ardhi. Ili ijue mpunga ilibidi ipewe elimu ya ORYZA, modeli iliyolelewa na taasisi ya mpunga ya IRRI, Los Baños, Ufilipino, pamoja na Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi. Kisha ikaongezewa bwawa, lenye mwani wake na amonia inayopaa, na udongo wa kulala bila oksijeni kisha kuamka ngano inapoingia. Wake wenza hata ndani ya kompyuta walihitaji mshenga.

APSIM ilipokwisha kufundishwa ilisema jambo ambalo wengi hawakulitaka. Ilipoendeshwa kwa hali ya hewa ya Punjab, matandazo yalizuia maji yasivukizwe na udongo, sawa. Ila sehemu ya maji hayo ilinywewa na ngano yenyewe. Ngano hunufaika, lakini kisima hakirudishiwi kila tone lililohesabiwa kuwa limeokolewa. Wala Ghagh wala Fukuoka asingeweza kulitenganisha hilo, na hapa ndipo ule ukataji wa vipandevipande unapolipa.

Nje ya uzio wa modeli kuna kibiriti. Sheria ilipochelewesha kupandikiza, ilichelewesha na kuvuna. Kati ya kombaini na mbegu ya ngano hubaki wiki mbili au tatu, na ngano inayochelewa hupoteza mavuno kila siku inayopita. Majani ya mpunga yamejaa silika, si lishe ya kutamaniwa kama yale ya ngano. Njiti moja inamaliza kazi. Mashine ya Happy Seeder, iliyobuniwa Ludhiana, Punjab, mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa ushirikiano na Waaustralia, hupanda ngano ndani ya majani hayohayo bila kulima. Lakini inadai trekta lenye nguvu, hufanya kazi majuma machache kwa mwaka, na inaacha shamba linaloonekana chafu. Huo uchafu tunaujua hata huku kwetu: anayeacha mabua huitwa mvivu, na akivumilia jina hilo, ng'ombe wa jirani wanakuja kumsafishia.

Makunduchi, Siku ya Mwaka, huchomwa kibanda cha makuti, na watu wakautazama moshi unaelekea wapi ili wajue mwaka utakuwaje. Delhi nayo hutazama moshi kila Novemba. Upepo ukivuma kutoka kaskazini magharibi, mji mzima unajua mpunga umekwisha kuvunwa.