Kivuli cha Luanda Magere

Luanda Magere nimemsikia mara mbili. Kwanza kwa nyanyangu, kwa Dholuo: shujaa mwenye mwili wa jiwe, akaozwa binti wa Kinandi, na binti akagundua kwamba nguvu ziko kwenye kivuli. Mara ya pili ni kidato cha pili, somo la Kiingereza. Taja sifa tatu za mighani hii, alama 6.

Haikuingia darasani hivi hivi tu. Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walidai Idara ya Kiingereza pale chuo kikuu Nairobi ivunjwe, fasihi ya Afrika ikae katikati, fasihi simulizi ikiwemo. Mwaka 1974 walimu wakakutana Nairobi School kujadili fasihi hiyo katika sekondari. Kwa hivyo walishinda, ama? Magere alifika darasani, lakini akiongea Kiingereza.

Nilipata 5 kwa 6. Wiki hiyo hiyo nikavalishwa kibao shingoni kwa kuongea Dholuo nje ya darasa. Nilikuwa namwambia rafiki yangu kile mwalimu alichoruka: kwamba Magere alipokufa aligeuka jiwe, na wawindaji walikuwa wakinoa mikuki hapo.