Krismasi ya Theluji Nyumbani kwa Babu

Mwaka 1659 koloni la Massachusetts lilipitisha sheria ya kumtoza shilingi 5 yeyote atakayeonekana akisherehekea Krismasi, iwe kwa kuacha kazi au kwa karamu. Wapuritani walioanzisha koloni hilo walisema sikukuu hiyo haimo katika Biblia, na huko Uingereza walikotoka waliiona kuwa kisingizio cha ulevi na fujo. Sheria ilifutwa mwaka 1681, mazoea yakabaki. Kwa vizazi kadhaa, familia kubwa za New England, yaani Massachusetts na majimbo jirani, zilikutana kwa sikukuu ya shukrani mwishoni mwa Novemba, na tarehe 25 Desemba wengi wakaenda kazini kama siku nyingine. Massachusetts iliifanya Krismasi siku ya mapumziko mwaka 1856, na serikali kuu ya Marekani ikafuata mwaka 1870.

Ilipokubalika, Krismasi iliangukia wakati mzuri kwa mkulima. Mavuno yalikuwa ghalani, na nguruwe walishachinjwa, kwa kuwa baridi ilihifadhi nyama bila gharama. Akina mama walioka pai nyingi kwa mkupuo mmoja, wakaziweka zigande katika chumba kisichowashwa moto, kisha wakazitoa kidogo kidogo kadiri wageni walivyofika. Wana na mabinti waliooa na kuolewa mbali walirudi na watoto wao, na wajukuu wakabanana vitandani, jambo ambalo katika nyumba yenye chumba kimoja au viwili vya moto halikuwa adha hata kidogo.

Aliyezaliwa kusiko na theluji hudhani kwamba theluji ndiyo iliyowazuia watu kusafiri. Kumbe ilikuwa kinyume. Njia zilifungwa na matope ya Machi na Aprili, theluji ilipoyeyuka, kama masika yanavyozifunga njia nyingi za Afrika Mashariki. Katikati ya baridi, farasi mmoja aliweza kuvuta familia nzima kwenye sleji, gari lisilo na magurudumu linaloteleza juu ya vyuma viwili virefu. Ndiyo maana theluji haikuondolewa barabarani, bali ilishindiliwa. Mwishoni mwa karne ya 19, vijiji vya Vermont na New Hampshire vilitumia mapipa makubwa ya mbao, marefu kumpita mtu, yaliyokokotwa na farasi kadhaa ili kuigandamiza iwe ngumu na laini. Madaraja yenye paa yalileta kazi ya ajabu zaidi: sakafu zake zilikuwa kavu, kwa hiyo vibarua walilipwa kuingiza theluji ndani kwa koleo ili sleji zipite.

Kwa kuwa sleji haina mlio, farasi walivikwa njuga ili waendao kwa miguu wapate kujihadhari. Njuga hizo ndizo zinazosikika katika wimbo ambao James Lord Pierpont aliutoa mwaka 1857, na ambao leo huimbwa kila Desemba duniani kote ingawa maneno yake hayaitaji Krismasi hata mara moja.

Watoto walikuwa na sleji zao ndogo, nyingi zikiwa za kuchongwa nyumbani, na kila kilima karibu na nyumba kilikuwa uwanja. Hatari yake ilikuwa moja: hazikuwa na usukani, na aliyetaka kukata kona aliburuza mguu. Samuel Leeds Allen, mtengenezaji wa mashine za kupandia mbegu, alitaka bidhaa ya kuwapa wafanyakazi wake kazi msimu ambao wakulima hawanunui zana. Mwaka 1889 alipata hataza ya sleji ambayo vyuma vyake hupinda mtoto anaposukuma ubao wa mbele. Aliiita Flexible Flyer, na ikawa zawadi ya Krismasi ya vizazi vingi.

Motokaa ndiyo iliyoigeuza theluji kuwa adui. Kuanzia miaka ya 1920 miji ilinunua mashine za kuisukuma kando, mapipa ya kushindilia yakaozea vichakani, na theluji ikabaki kuwa mali ya watoto. Barafu nayo ilikuwa yao: huko Brantford, Kanada, Walter Gretzky alimwagilia uwanja nyuma ya nyumba yake kila msimu wa baridi hadi ukaganda. Mwanawe Wayne, aliyejifunzia hapo tangu akiwa mdogo, akawa mchezaji maarufu kuliko wote wa hoki ya barafu.

Siku ya Krismasi mwaka 1965, huko Muskegon, Michigan, Sherman Poppen alitafuta namna ya kuwatoa nje binti zake waliokuwa wakisumbua ndani. Alifunga pamoja ski mbili, mbao ndefu nyembamba za kutelezea thelujini, wakasimama juu yake na kuteremka kilima cha nyumbani. Mkewe Nancy alikipa chombo hicho jina, Snurfer, na mwaka uliofuata kikaanza kuuzwa. Kijana aliyekuwa na kimoja, Jake Burton Carpenter, alikuja kufungua kiwanda cha mbao zilizoboreshwa huko Vermont mwaka 1977, na mchezo wa kuteleza thelujini kwa ubao mmoja ukaingia Olimpiki huko Nagano mwaka 1998.