Nani Aliamua Sauti Ni ya Hiari?

Ukipakua gemu iliyobanwa, mara nyingi unapata faili kuu, halafu kando kuna zingine zimeandikwa "hiari": sauti za Kifaransa, sauti za Kirusi, video, hata muziki. Ukiziacha, gemu bado inafunguka. Sasa mbona hizo ndizo huwekwa kando kila mara?

Hadithi ni ya kitambo. Mwaka 1977, Abraham Lempel na Jacob Ziv walichapisha njia ya kubana data bila kupoteza chochote: kitu kikijirudia, hukiandiki tena, unaelekeza tu pale kilipotokea awali. Mwaka 1989 Phil Katz, kule Milwaukee, akatoa PKZIP, na faili za zip zikaenea kila mahali. Lakini video na sauti nyingi huja zikiwa zimeshabanwa. Kuzibana tena ni kama kukamua ndimu iliyokamuliwa jana. Hupati kitu.

Miaka ya 1990 gemu zikahamia kwenye CD, takriban megabaiti 650 kila moja. Kwa modemu ya kilobiti 28.8 kwa sekunde, hizo ni zaidi ya siku mbili za kupakua, na laini ya simu isikatike! Maharamia wa Ulaya na Marekani hawakungoja. Waling'oa filamu na muziki, wakasambaza mchezo mtupu, wakauita "rip". Watu walimaliza gemu nzima bila kusikia wimbo wake hata mara moja.

Baadaye kampuni zenyewe zikaanza kutenga. Mwaka 2017 Bethesda ilitoa picha za ubora wa juu za Fallout 4 kama nyongeza ya hiari: takriban gigabaiti 58. Mwenye mashine ya nguvu achukue, wengine waendelee na maisha.

Kwa anayehesabu bando, orodha hiyo ni nafuu ya kweli. Chagua lugha moja ya sauti, ruka video za ziada, umeokoa gigabaiti kadhaa. Lakini isome vizuri. Kiingereza mara nyingi kimo ndani ya faili kuu, hakuna anayekiita hiari. Mfaransa anatafuta chake kando. Kiswahili ni nadra kukiona hata huko kando. Kabla ya bando lako kuisha, mtu fulani alishaamua mchezaji wa kawaida ni nani.