Habari za Namba Zilizo Chini ya Sifuri

Kuhesabu vitu ni elimu ya kale sana. Mfugaji alihesabu mbuzi wake, na mkulima vikapu vyake vya mtama, kabla ya kuwapo vitabu wala shule. Lakini ziko namba zisizoonekana zizini wala ghalani, nazo ni zile zilizo chini ya sifuri. Shuleni twaziita namba hasi, na zilizo juu ya sifuri twaziita namba chanya. Zote hizo, pamoja na sifuri yenyewe, ndizo namba kamili. Wazazi wengi hudhani ya kuwa namba hasi ni mchezo wa walimu tu, na watoto wengi huzipokea kwa mashaka. Basi, wasomaji wapenzi, nataka kueleza zilikotoka, kwa maana mtu anayejua historia yake hatamcheka mtoto anayezikataa.

Kwanza twende China. Yapata miaka 2,000 iliyopita watu wa nchi ile walikuwa na kitabu cha hesabu chenye sura tisa, na ndani yake mlikuwa na kanuni za kujumlisha na kutoa namba chanya na hasi. Nao hawakuhesabu kwa kalamu, bali kwa vijiti vilivyopangwa mbele yao. Mwaka 263 mtaalamu mmoja, jina lake Liu Hui, aliandika maelezo ya kitabu kile, akasema ya kwamba vijiti vyekundu ni vya namba chanya, na vyeusi ni vya namba hasi. (Makarani wa siku zetu wameigeuza desturi hiyo, maana deni ndilo huandikwa kwa wino mwekundu.) Mwenye kuhesabu akiwa na vijiti 3 vyekundu na 5 vyeusi, vitatu huondoana na vitatu, na jawabu ni vijiti 2 vyeusi vilivyosalia.

Sasa twende Bara Hindi. Huko mwaka 628 Brahmagupta, mjuzi wa elimu ya nyota, mwenye umri wa miaka 30, alimaliza kitabu kikubwa alichokiandika kwa mashairi. Namba chanya aliziita mali, na namba hasi aliziita deni. Na katikati akaiweka sifuri, ambayo si mali wala si deni. Kisha akatoa kanuni. Mali na mali ni mali. Deni na deni ni deni. Mali ikitolewa katika sifuri huwa deni, na deni likitolewa katika sifuri huwa mali. Tena akasema, deni likizidishwa kwa deni huwa mali.

Neno hili la mwisho ndilo linalowasumbua watu hata leo, lakini tulitazame kwa njia ya dukani. Tuseme mtu ana madeni matatu, killa moja shilingi 200. Mwenye duka akimfutia madeni yale matatu, je, mtu huyo amepata au amepoteza? Amepata shilingi 600. Kuondolewa deni ni sawa na kupewa mali. Ndiyo maana hasi 3 mara hasi 200 ni chanya 600, wala hapana uchawi ndani yake.

Elimu ya Wahindi ilifika Baghdad, na kwa mikono ya Waarabu ikaenea mbali. Neno letu sifuri latokana na Kiarabu, na maana yake ya asili ni kitu kitupu. Lakini si yote yaliyopokewa. Yapata mwaka 820 al-Khwarizmi wa Baghdad aliandika kitabu mashuhuri ambacho aljebra ilipata jina lake kwacho. Yeye alipanga hesabu zake kwa namna sita, ili killa namba ndani yake iwe juu ya sifuri, na jawabu lililo chini yake hakulitia katika hesabu.

Wazungu nao walizikataa kwa muda mrefu zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 13 Leonardo wa Pisa, aliyeyajua sana mambo ya wafanya biashara, alikubali jawabu la namna hii pale lilipoweza kuitwa deni. Mwaka 1489 Johannes Widmann alichapisha huko Leipzig kitabu cha hesabu za biashara, na ndani yake alama + na − zilionekana kuonyesha kilichozidi na kilichopungua. Walakini mwaka 1544 Michael Stifel, Mjerumani, ijapokuwa alizitumia, aliziita namba za upuuzi. Mwaka 1637 Mfaransa René Descartes aliyaita majawabu ya namna hii kuwa ni ya uongo. Naye Blaise Pascal, aliyebuni mashine ya kuhesabia akiwa bado kijana, aliandika ya kwamba anawajua watu wasioweza kuelewa ya kuwa ukitoa 4 katika sifuri, kinachobaki ni sifuri. Kwake lilikuwa jambo wazi: asiye na kitu atatolewa nini? Hata mwaka 1758 Francis Maseres, mwanasheria wa Uingereza, alitunga kitabu kizima ili namba hasi ziondolewe katika aljebra.

Kwa nini watu wenye akili kiasi hicho walikwama? Sababu ni kwamba walishika wazo moja tu, ya kuwa namba ni wingi wa vitu. Na kwa wazo hilo walisema kweli, maana hakuna mtu aliyepata kuona mbuzi hasi watatu. Njia ilifunguka walipofahamu ya kuwa namba yaweza pia kuonyesha upande. Mwaka 1685 John Wallis, mwalimu wa Oxford, alitoa mfano wa mtu anayetembea. Akienda mbele yadi 5, kisha akarudi nyuma yadi 8, amefika wapi? Yuko yadi 3 nyuma ya pale alipoanzia. Yaani amekwenda mbele hasi 3. Hapa hakuna upuuzi wala uongo, na mtoto aweza kuupima mwendo huo uwanjani kwa miguu yake.

Tena twaweza kutazama mfano mkubwa zaidi katika nchi zetu. Uso wa Ziwa Tanganyika uko yapata mita 773 juu ya usawa wa bahari, na kina chake, pale palipo kirefu kabisa, ni yapata mita 1,470. Toa 1,470 katika 773, utapata hasi 697. Maana yake, mvuvi aliye juu ya maji yuko juu ya bahari, lakini sakafu ya ziwa iliyo chini yake imeipita bahari kwa kushuka karibu mita 700. Mtu asemaye ya kwamba hesabu hiyo haiwezekani, anasema ya kwamba ziwa lile haliwezekani.

Basi, ndugu walimu, mtoto akisema ya kuwa 0 kutoa 4 ni 0, amejibu kama Pascal. Asipigwe wala asiaibishwe mbele ya wenzake. Kosa lake si ujinga, ila bado anahesabu vitu. Mpeni vijiti vya rangi mbili kama vya Wachina, au mchoreeni mstari chini, katikati sifuri, aende mbele na kurudi nyuma, mpaka aone mwenyewe kwamba hasi 7 ni pungufu kuliko hasi 3.

Nanyi wazazi, msiseme ya kuwa elimu hii haina kazi kijijini. Wafikirini watu wawili wasio na senti mfukoni, mmoja hadaiwi, na wa pili adaiwa shilingi 4,000. Ukitazama mifuko yao, wako sawa. Lakini wote wawili wakiuza mahindi ya shilingi 4,000, wa kwanza atawanunulia watoto wake madaftari, na wa pili atafika kwenye sifuri tu. Wako watu wengi waliokopa shambani na dukani kwa sababu walitazama mfuko peke yake, na daftari hawakulitazama. Afadhali watoto wetu wajifunze tofauti hiyo kwa chaki, kabla ya kufundishwa na mwenye kuwadai.