Kirangozi wa Njia ya Tabora na Kishale cha Kompyuta

Mnamo Novemba 1857, Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh, makazi ya wafanyabiashara wa Kiarabu huko Unyanyembe, penye mji wa Tabora wa leo. Walikuwa wametembea kutoka pwani kwa zaidi ya miezi minne. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1860, Burton aliueleza utaratibu wa msafara kwa uangalifu mkubwa kuliko alivyowaeleza wapagazi wenyewe, ambao mara nyingi aliwadharau. Mbele ya wote alitangulia kirangozi, amevaa joho jekundu na kofia ya ngozi ya mnyama au manyoya ya ndege. Mtu aliyethubutu kumpita alichomolewa mshale podoni mwake, ili ajulikane ni nani mwendo utakapokwisha.

Kanuni hiyo ina pande mbili: anayetangulia ni mmoja tu, na huyo mmoja huonekana na wote. Mtafsiri wa programu za kompyuta anayetafuta njia ya kueleza kwa Kiswahili mambo yanayoitwa hova na fokasi hana haja ya kwenda mbali kupita hapo.

Kipanya, ambacho Douglas Engelbart alikionyesha hadharani huko San Francisco mwaka 1968, huhamisha kishale katika skrini. Kishale kikipita juu ya kitufe bila kubofywa, hiyo ni hova. Kibodi hufanya kazi kwa njia nyingine. Mtumiaji anapobonyeza Tab, zamu huhama kutoka kitufe kimoja hadi kingine, na amri ya kibodi hupokelewa na kile chenye zamu. Hiyo ndiyo fokasi. Hova ni jicho la mpita njia. Fokasi ni nafasi ya kirangozi.

Hali hizo mbili zimewahi kuunganishwa. Katika mfumo wa X Window, ulioanzishwa MIT mwaka 1984, kompyuta huweza kupangwa ili dirisha lililo chini ya kishale lipokee herufi papo hapo, bila kubofywa. Wazoefu huusifu mpango huo kwa wepesi wake. Hata hivyo, kipanya kikiguswa na kiwiko, sentensi iliyoanzwa katika barua huishia katika dirisha jingine. Wepesi huo ni wa mwenye mkono mtulivu na macho mazima, na mwenye kumpita kirangozi hachomolewi mshale.

Mwezi Desemba 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza na mtumiaji kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kuheshimiwa. Lakini katika programu za aina hiyo vitufe vingi ni picha tupu, na jina la kitufe hutokea tu kishale kinapotua juu yake. Istilahi iliyotafutwa kwa jasho hukaa nyuma ya picha, ikimngoja mwenye kipanya. Anayetumia kibodi peke yake huenda asiione kabisa pale kitufenipo.

Jambo hili si dogo Tabora, mji wenye Shule ya Msingi Furaha ya wanafunzi wasioona. Asiyeona hana la kufanya na kishale. Hutegemea kibodi na programu inayomsomea kwa sauti kitufe chenye zamu. Jina lililofungwa ndani ya hova pekee huweza kumpita bila kusomwa. Kwa sababu hiyo miongozo ya kimataifa ya wavuti ya mwaka 2008 ilitaka kila kazi iwezekane kwa kibodi, na penye fokasi paonekane. Wasanifu wengi huufuta mstari unaozunguka kitufe chenye zamu, kwa madai kwamba unaharibu sura. Ni sawa na kumvua kirangozi joho lake kwa kuwa wekundu wake haupendezi. Miongozo ya mwaka 2018 iliongeza masharti juu ya maelezo yanayojitokeza kwa hova au fokasi: yaweze kuondolewa bila kuhamisha kishale wala zamu, kishale kiweze kupita juu yake bila kuyafuta, na yasitoweke kabla msomaji hajamaliza haja yake.

Kuhusu maneno yenyewe, kuita hova "kuelea" kunamfanya kishale kuwa mwewe, na si vibaya sana. Kuita fokasi "lengo" kunapotosha, kwani lengo ni kitu kinachoendewa, hali fokasi ni mahali ulipokwisha kufika. "Zamu" ni neno la kila siku, na kila mtoto aliyewahi kupanga foleni kisimani analielewa.

Nayo simu ya mkononi imelileta suala hili kwa kila mtu. Kidole hakina hova: ama kimegusa kioo, ama hakijagusa. Jina la kitufe lililowekwa kwa ajili ya kishale halitokei kidole kinapopita juu yake, hata kama limeandikwa kwa Kiswahili fasaha.