Gitaa la Tumbo Tupu au la Nusu? Jawabu Liko Tanga



Juzi kijana wetu mmoja anayefanya kazi hapa bandarini Jeddah alinipigia simu. "Ami, nimejikusanyia pesa ya gitaa la umeme, nataka kupigia taarab. Yapo mawili: moja tumbo lote wazi, jingine nusu. Nichukue lipi?" Mimi ni mwalimu wa historia, si fundi wa magitaa. Lakini pesa hiyo ni jasho la miezi mingi, nikaona nisimjibu ovyo.

Tuanze na ala zenyewe. Gibson walipotoa ES-150 mwaka 1936, lilikuwa gitaa la tumbo tupu lililotiwa kinasa sauti chini ya nyuzi. Sauti yake nene, ya joto, inakufa upesi, karibu na udi. Tatizo linakuja ukiongeza sauti: mlio wa spika unatikisa ubao, ubao unatikisa nyuzi, nyuzi zinarudi kwenye spika, na mzunguko huo unaishia kwenye yowe. Mwaka 1958 wakaleta ES-335, jembamba, katikati pamepitishwa gogo la mti wa maple, mbavu mbili zikabaki wazi. Yowe likapungua, mlio ukadumu zaidi. Halikwisha kabisa: B.B. King alikuwa akijaza vitambaa kwenye matundu ya magitaa ya ukoo huo, na lile la Gibson lililopewa jina lake la Lucille, mwaka 1980, likatoka bila matundu.

Sasa twende Tanga. Taarab ya Unguja, tangu enzi za Ikhwani Safaa iliyoanzishwa 1905, ilijengeka juu ya udi, kanuni na fidla. Miaka ya 1960 vikundi vya Tanga, Black Star na baadaye Lucky Star, vikashika magitaa ya umeme na besi, wapigaji wachache tu, na sauti ya Shakila binti Said juu yake. Wapo wanaosema hadi leo kuwa ile si taarab, ni dansi iliyovaa kanzu. Nilipokuwa naandika tasnifu yangu ughaibuni nami nilikuwa mmoja wao, tena kwa kiburi.

Nimebadili mawazo. Udi ni ala ya baraza na sebule. Harusi ikihamia ukumbini, udi peke yake haufiki viti vya nyuma. Gitaa la umeme linafika. Nionavyo mimi, watu wa Tanga hawakuitupa taarab, waliifuata ilikokwenda.

Hapa nako tumeyaona. Kwa miaka mingi muziki uliishi majumbani na kwenye istiraha za nje ya mji. Januari 2017 Mohammed Abdu akaimba Jeddah hadharani baada ya miaka 7, Machi akaimba Riyadh, na kumbi zikafunguka. Shughuli zetu wenyewe nazo zimetoka sebuleni. Kwenye harusi moja kijana huyu huyu aliazima gitaa la tumbo tupu, akakaa mbele ya spika kubwa. Bibi harusi anaingia tu, gitaa likapiga yowe, watoto wakalia, mzee mmoja akafoka, "Zima dudu hilo!" Hajapiga hadharani tangu siku ile.

Kuna na hali ya hewa. Jeddah ni unyevu wa bahari, Riyadh iko juu kiasi cha mita 600 na ni kavu kabisa. Gitaa ambalo uso wake ni ubao mmoja uliochongwa linaweza kupasuka kwa safari hizo. La mbao nyembamba zilizogandishwa tabaka kwa tabaka, kama ES-175 ya 1949 au hiyo 335, linavumilia zaidi. Kwa hiyo asiulize tumbo tu, aulize na uso.

Basi nikamjibu: "Mwanangu, ungekuwa unapigia watu kumi na birika la tangawizi, ningekwambia tumbo tupu, wala usitazame nyuma. Lakini wewe unaitwa ukumbini, leo hapa, kesho Riyadh. Chukua la nusu. Atakayekwambia si la taarab, mwambie akasikilize Tanga."

Amelinunua. Ijumaa ijayo anapiga kwenye harusi ya binamu yake, na mimi nimeahidi kukaa viti vya nyuma.

Wenye kumbukumbu za Tanga wanisahihishe.

Wasalaam.